UZI: Laptopu yoyote naigeuza tumbo kwanza, natafuta skrubu (vifaa vya kazi vya mwandika programu)

Mleta uzi (Dar)

Wakuu habari za saa hizi. Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu sana, leo nimepata nafasi ngoja nishushe.

Mi ni mwandika programu, kazi zangu nyingi ni app za Android na mifumo ya malipo, siku tatu kwa wiki nafanyia nyumbani Tabata. Na napenda vifaa, kiukweli navipenda toka moyoni, kibodi ikiwa nzuri naiskia mpaka mabegani, kioo kikiwa safi siku nzima naenda vizuri. Watu wengi wakisikia hivyo wanadhani nakimbiza toleo jipya kila mwaka, hapana. Laptopu yangu ni ya 2018, mtumba, na siiuzi.

Ilianzaje. Mwaka 2021 nilikuwa na laptopu nyembamba mpya kabisa, kampuni sitaitaja. Siku moja usiku umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena, chaja ikanuka moshi na mashine ikazima moja kwa moja. Asubuhi nikabeba mpaka Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kwa fundi ninayemwamini. Akaigeuza, akatafuta pa kuanzia, chini iligandishwa kwa gundi. Kwa tabu akafungua, kumbe RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) imechomewa kwenye bodi, diski nayo imechomewa kwenye bodi, bodi ndo hiyo imeungua, kwahiyo hata kutoa kazi zangu tu niziweke kwingine haiwezekani. Akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, hii haikutengenezwa ifunguliwe."

Nilipoteza kazi ya siku tatu ambayo sikuwa nimeisukuma (kuituma ihifadhiwe) kwenye seva, na mteja alikuwa anaisubiri Jumatatu. Lile neno la fundi halikunitoka. Toka siku ile mtu akinionyesha kifaa cha kazi, swali langu la kwanza siyo kasi wala rangi, nakigeuza naangalia kinafunguka au hakifunguki. Na nimekuja kuona hilo swali linaenda mbali kuliko laptopu, linaingia kwenye kibodi, kwenye umeme wa nyumbani, kwenye seva, mpaka kwenye programu zenyewe. Ndo nachotaka tuongelee humu. Naanza na mashine, naendelea chini.

Mleta uzi (Dar)

Naendelea.

Nilinunua ThinkPad T480. Nieleze kwa nini hiyo na siyo nyingine, maana watu wananunua ThinkPad kwa jina tu halafu wanaambulia isiyo yenyewe.

ThinkPad ya kwanza ilitoka 1992 ikiwa ya IBM, ile 700C. Aliyechora umbo lake ni Richard Sapper, Mjerumani aliyekuwa anaishi Milan, akachukua wazo kutoka kwenye kisanduku cha chakula cha Kijapani, kwa nje cheusi kitulivu, ukifungua ndani ndo kuna mambo. Mwaka 2005 kitengo cha kompyuta cha IBM kikaenda Lenovo, ila lile umbo likabaki, na kile kinundu chekundu katikati ya G, H na B kikabaki. Kile kinundu kilitoka kwa mtafiti anaitwa Ted Selker, alikuwa anasumbuliwa na muda unaopotea mkono ukitoka kwenye kibodi kwenda kwenye mausi na kurudi. Mi nilikidharau wiki ya kwanza, wiki ya tatu mausi nikaitia droo.

Sasa T480. Hii ndo T ya kwanza kupata prosesa za Intel za kizazi cha 8, zenye kiini nne (sehemu nne zinazofanya kazi kwa pamoja), T470 iliyopita kabla yake zile za kawaida zilikuwa na kiini mbili. Kwahiyo kutoka 70 kwenda 80 mashine iliruka sana, umbo ni karibu lilelile. Ina nafasi mbili za RAM zinazochomoka, diski inachomoka, kadi ya waifai inachomoka, kibodi inabadilishika. Skrubu za mfuniko wa chini zinalegea tu hazidondoki, yani mtu aliyeichora alijua ipo siku utaifungua ukiwa umekaa kwenye mkeka.

Halafu betri mbili. Moja iko ndani, ya Wh 24 (Wh ni Wati kwa saa, kipimo cha umeme inaoubeba), nyingine iko nje unaichomoa kwa vidole, na ya nje zipo za Wh 24 mpaka zile nene za Wh 72. Ukichomoa ya nje mashine inaendelea kuwaka kwa ya ndani, unachomeka nyingine, kazi haijakatika. Kwa mtu anayefanya kazi Dar hiyo ni kitu kikubwa aisee.

Na kitu kinachonifurahisha kuliko vyote: mtengenezaji anatoa bure kitabu cha matengenezo, PDF, kila kipande kimechorwa, kila skrubu imeandikwa urefu, nini kitoke kwanza nini kifuate. Nilikaa nacho Jumapili nzima nikakisoma chote. Mtu aliyekuuzia kitu na bado akakupa ramani ya ndani yake, huyo amekuheshimu.

Mdau wa Dodoma

Kaka uzi mzuri, nimesoma wote. Mimi ni dada niko mwaka wa tatu chuo nasoma kompyuta, laptopu niliyonayo ina RAM GB 4, Android Studio, ile programu ya kutengenezea app, nikifungua tu naweza kwenda kupika nikarudi. Nina bajeti ya mtumba tu. Nikienda dukani nikaguaje nisiuziwe kitu kibovu? Maana wauzaji wakiona msichana wanaanza kunionyesha rangi.

Mleta uzi (Dar)

Dada asante kwa swali, hili ndo la maana kuliko yote, nenda ukiwa umejiandaa hawatakuonyesha rangi.

Kwanza angalia jina vizuri. T480 na T480s ni mashine mbili tofauti, hiyo herufi s ndogo inamaanisha nyembamba, na kwenye hiyo RAM moja imechomewa kwenye bodi, nafasi ya kuongeza ni moja tu, na betri ya nje haina. Siyo mbaya ila siyo niliyoieleza.

Pili, kabla ya Windows haijawaka, mashine ikionyesha nembo bonyeza F1 uingie BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine. Ikikuomba nenosiri na muuzaji hana, irudishe hapohapo mezani hata ikiwa na bei ya kugawa. Mashine hizi nyingi zimetoka maofisini Ulaya na Marekani, ofisi nyingine ziliweka nenosiri la msimamizi na hazikulitoa, na kulivunja ni kazi ya kugusa chipu kwenye bodi.

Tatu betri. Kwenye Windows fungua dirisha la amri andika `powercfg /batteryreport`, itakuandikia faili, angalia uwezo uliotoka nao kiwandani na uwezo ilionao leo. Kwenye Linux ni `upower -d`. Betri ya nje ikiwa imechoka siyo mwisho wa dunia maana unanunua nyingine, ila hilo likushushie bei.

Nne kioo. T480 zilitoka na vioo tofauti, zipo za 1366 kwa 768 na zipo za 1920 kwa 1080. Ile ya kwanza ukiandika programu unaona mistari michache sana, macho yanachoka. Ulizia ya pili, au jua kwamba kioo nacho kinabadilishika baadae.

Tano andika kila herufi kwenye kibodi, chomeka flashi kila tundu la USB, chaji kwa tundu zote mbili za USB-C. Na ukishainunua tu, sasisha fimwea (programu inayokaa ndani ya kifaa chenyewe) ya Thunderbolt, ambayo ni mojawapo ya hizo tundu za USB-C, kuna matoleo ya mwanzo yana kasoro inayoharibu hilo tundu taratibu na dawa yake ilishatolewa.

Kuhusu RAM usikubali chini ya GB 8, na uhakikishe nafasi ya pili unaweza kuiongeza. Android Studio ikiwa na emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) na brauza, GB 16 ndo unaanza kupumua.

Kingine kinachokusaidia kwenye bei: Windows 10 ilimaliza kupewa masasisho tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel kuanzia kizazi cha 8. Kwahiyo T460 na T470, ambazo ziko chini ya hapo, maofisi yanazitoa kwa wingi. Kama pesa ni ndogo kabisa chukua mojawapo ya hizo, weka SSD (diski ya kasi), weka Linux (mfumo wa bure badala ya Windows), itakupeleka miaka. T480 yenyewe inaingia Windows 11 bila shida.

Mdau wa Mwanza

Mkuu nakuheshimu ila hapa nakupinga. Mi natumia MacBook Air ya M1, ilitoka mwishoni mwa 2020, haina hata feni, haina kelele, haichemki, betri natoka nayo asubuhi narudi jioni sijagusa chaja. Haifunguki, RAM iko humohumo kwenye chipu, na sijawahi kuwa na haja ya kuifungua. Wewe unafungua kwa sababu yako inahitaji kufunguliwa.

Mleta uzi (Dar)

Mkuu wa Mwanza hoja yako nzito na siikwepi. M1 ni kazi ya kihandisi niliyoivulia kofia siku ya kwanza. Kuweka prosesa, grafiki na kumbukumbu karibukaribu hivyo ndo kunakoipa ile kasi kwa umeme kidogo, hawakuchomea kwa roho mbaya tu, kuna sababu ya kifizikia. Na mtu wa app za iPhone hana ujanja, Xcode, programu ya kuzitengenezea, inakaa kwenye Mac.

Ila nikuulize jambo moja. Ulinunua GB 8 au 16? Maana uamuzi ulioufanya siku ile dukani, ukiwa na pesa ya siku ile, ndo utaishi nao mpaka mwisho wa mashine. Mi nilianza na GB 8 maana mfuko ulikuwa hivyo, baada ya miezi sita nikaongeza 16 kwenye nafasi ya pili, mwaka uliofuata nikatoa ile 8 nikaweka 16 nyingine. Mashine imekua na kipato changu. Kwa vijana wengi wanaoanza hapa kwetu, pesa inakuja kidogokidogo, na kifaa kinachokubali kujengwa kidogokidogo kama nyumba ya Kibaha ndo kinawafaa.

Na siyo kwamba kisasa na kufunguka haviwezi kukaa pamoja. Framework wa kule San Francisco wanatoa laptopu toka 2021, mpya kabisa, nyembamba, bisibisi inakuja ndani ya boksi na kila kipande kina QR ya kukuonyesha namna ya kukibadilisha. Bodi nzima unaitoa unaweka ya kizazi kipya, kasha lilelile. Hiyo ndo nayoiota.

Mdau wa Mwanza

Nina GB 8. Na ndio, na emuleta imeshaanza kulia. Hapo umenipata mkuu, nakubali.

Mdau wa Unguja

Asalaam aleikum. Mie niko Mji Mkongwe, nyumba inatazama bahari. Nachangia moja ambalo watu wa bara hamlijui, chumvi. Hewa ya huku inakula vyuma, mwaka mmoja tu ukifungua laptopu unakuta kutu kwenye skrubu, na tundu za USB zinafanya kijani. Ile mashine isofunguka huku ndo inakufa kimyakimya, huna pa kuisafishia. Mie kila miezi mitatu nafungua, nafuta kwa brashi ya meno laini na spiriti ile kali ya dukani, naziba. Na usiku naitia kwenye begi lenye vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu.

Mleta uzi (Dar)

Waaleikum salaam. Hii sikuwa naijua na naichukua hivihivi, nna mwenzangu Kigamboni anaishi jirani na maji atafurahi. Niongeze tu, spiriti iwe ile isiyo na maji mengi, asilimia 90 kwenda juu, na betri ziwe zimezimwa kabla hujaanza.

Sasa niende kwenye kibodi maana mkono ndo mtaji wetu.

Kibodi ya mezani natumia ya mekanika. Kwa asiyejua, kila kitufe kina swichi yake na springi yake, siyo lile pira moja la chini kama kibodi za kawaida. Swichi za Cherry MX ndo zilizozoeleka na wengine wanaziiga: nyekundu inashuka laini moja kwa moja, kahawia ina kijinundu unakisikia kidole kikifika katikati, bluu ina kijinundu na inapiga kelele ya "tik". Nyekundu na kahawia zinataka nguvu ya gramu 45 hivi. Mi natumia kahawia maana bluu usiku nyumba nzima inaamka.

Yangu ni ya kuchomoa swichi kwa koleo kidogo bila kuchomea chochote. Swichi ya A ilikufa, nikachomoa nikaweka nyingine, dakika moja. Na kwa nini ya A? Hapa ndo nilipokaa nikafikiri. Kiswahili herufi A ndo inaongoza, angalia sentensi yoyote, "wanapakana", "alikataa", "hawatatufanyia", A kila mahali. Na mpangilio wa QWERTY uliotoka kwenye mataipu ya Kimarekani ya miaka ya 1870 umeiweka A kwenye kidole kidogo cha kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Sisi tunaoandika Kiswahili siku nzima kile kidole kinabeba mzigo ambao hakuna aliyeufikiria wakati wa kupanga. Kidole changu kilishaanza kuuma. Nikaichukua fimwea ya kibodi inayoitwa QMK, ambayo ni chanzo huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote), nikabadilisha: Caps Lock ambayo iko pembeni ya A nikaifanya Ctrl ukiishikilia na Esc ukiigusa, na kitufe cha spesi cha kushoto nikakifanya kikishikiliwa kifungue tabaka jingine lenye mabano yote ya msimbo. Swichi ya A nikaweka yenye springi nyepesi kuliko wenzake. Maumivu yaliisha kabisa ndani ya mwezi wa pili toka nibadilishe.

Kibodi isiyofunguka ingenipa nafasi hiyo wapi? Ningenunua nyingine na kidole kingeendelea kuuma.

Mdau wa Dodoma

Hiyo ya herufi A nimeenda kuhesabu kwenye kazi yangu ya chuo, ni kweli, A imeziacha zote mbali. Sikuwahi kufikiri. Kaka umeme je? Hosteli huku ukikatika na intaneti inakatika hata kama laptopu ina chaji.

Mleta uzi (Dar)

Hapo ndo watu wanapoteza pesa dada, wananunua inveta kubwa kumbe tatizo ni ruta.

Jifunze hesabu moja tu, Wh. mAh peke yake haikuambii kitu mpaka uzidishe na volti. Pawabenki ya mAh 20,000 ndani yake seli ni volti 3.7, kwahiyo 20 mara 3.7 ni Wh 74. Ruta nyingi zinakula volti 12 na ampia 1, yani Wati 12 ikikaza sana, kwa kawaida ni chini ya hapo. Kale ka UPS kadogo ka ruta kenye mAh 10,000 ni Wh 37, toa hasara ya kubadili volti, ruta ya Wati 10 unapata saa tatu hivi. Kanawekwa katikati ya chaja na ruta, umeme ukikatika ruta haijui hata kama kuna kitu kimetokea. Hako ndo kifaa cha bei ndogo kilichoniokoa kuliko vyote wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 kuingia 2024.

Laptopu yangu nikiandika tu inakula Wati 8 mpaka 10, nikijenga app inapanda mpaka 25 na zaidi. Betri zote mbili zikiwa nzima ni Wh 96. Kwahiyo nikikatikiwa napanga, kazi za kujenga app nasubirisha, naandika na kusoma. Mtu akishajua namba za nyumba yake hababaiki giza likiingia.

Mwaka jana nikaongeza betri moja ya LiFePO4 (aina ya lithiamu), volti 12.8 na Ah 100, ni Wh 1,280. Hizi unaweza kuzichaji na kuzimaliza mara elfu mbili na zaidi, zile za asidi za gari ukizishusha mpaka chini mara kadhaa zimekwisha. Ruta na taa ya mezani navilisha volti 12 moja kwa moja, seva inapita kwenye kifaa cha kushusha volti mpaka 5, vyote bila kupita kwenye inveta, maana inveta yenyewe inakula umeme hata ikiwa haina kazi. Waya nimefunga mwenyewe na kila mstari una fyuzi yake, na fyuzi usiiruke kabisa, betri hii ikipata shoti inatoa moto mkubwa.

Mdau wa Mwanza

Umesema seva. Seva nyumbani ya nini mkuu na za kukodi zipo?

Mleta uzi (Dar)

Ya zile siku tatu za 2021 mkuu.

Nina Raspberry Pi 4, kale kakompyuta ka saizi ya kadi ya benki. Ya kwanza ilitoka tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35, watu wa Cambridge walioona vijana wanaoingia chuo hawajawahi kuchezea kompyuta kwa ndani, wakatengeneza ya bei ambayo mtoto anaweza kuiharibu bila nyumba kulia. Yangu inakula Wati 3 mpaka 5, inawaka mwaka mzima. Usiiendeshe kwa kadi ya SD peke yake, kadi zinachoka kwa kuandikwaandikwa na umeme wa ghafla unaziua, mi inawaka kutoka kwenye SSD ya USB.

Kazi yake ya kwanza ni Git, programu inayotunza kila hatua ya msimbo. Laptopu yangu kila nusu saa inasukuma matawi yote (njia zote za kazi) kwenda kwenye Pi, yenyewe, sikumbushwi. Usiku Pi inapeleka nakala iliyofungwa kwa siri kwenda nje ya nyumba. Kwahiyo leo laptopu ikiungua naweza kupoteza nusu saa ya kazi, haiwezi kuwa siku tatu tena.

Kazi ya pili niliiona thamani yake Jumapili tarehe 12 Mei 2024. Wengi mnakumbuka, nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari zilikatika pwani ya Afrika Kusini, intaneti nchi nzima ikawa ya kukwama, Kenya nao walisikia. Wiki ile vijana wengi walikaa mikono mitupu maana kila maktaba ya programu, yani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, inavutwa kutoka nje. Pi yangu ilikuwa imeshahifadhi kila kifurushi nilichowahi kukivuta, na nina Kiwix humo, programu ya kusomea tovuti zilizohifadhiwa, Wikipedia na maswali ya Stack Overflow (tovuti ya waandika programu kuulizana) yote yanasomeka bila intaneti. Git yenyewe ndivyo ilivyozaliwa, Linus Torvalds alipoiandika 2005 aliifanya kila nakala iwe na historia nzima, huhitaji ruhusa ya seva ya mtu kuandika kazi yako. Nilimaliza kazi ya mteja siku ya Jumanne, nikaisukuma usiku wa manane mtandao ulipopumua.

Mdau wa Unguja

Kaka na programu je? Maana umesema mwanzo swali lako linaingia mpaka kwenye programu.

Mleta uzi (Dar)

Ndio, na hapa nitasema kitu ambacho kila mwandika programu wa Afrika Mashariki inabidi akijue.

Natumia Vim, programu ya kuandikia msimbo. Ukiifungua bila faili, kwenye kioo cha mwanzo inaandika maneno ya kuomba usaidie watoto wa Uganda. Nilikaa miaka naiona naipita. Siku moja nikaandika `:help uganda` nikasoma. Aliyeiandika ni Bram Moolenaar, Mholanzi, toleo la kwanza alilitoa 1991. Alikwenda kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, kwenye kituo cha watoto, sehemu iliyoumizwa sana na UKIMWI. Aliporudi akaamua: programu ni bure, ifungue, ibadilishe, igawe, ila ukiweza tuma chochote kwa watoto wa Kibaale. Akaandikisha shirika Uholanzi kwa kazi hiyo, ICCF. Alifariki tarehe 3 Agosti 2023 akiwa na miaka 62, na siku nilipopata habari nilikaa kimya mezani muda mrefu. Chombo ninachokitumia saa nane kwa siku, kinachotumiwa dunia nzima, kimebeba jina la kijiji kilicho karibu na mpaka wetu wa Kagera, na hapa kwetu ni wachache wanaojua. Mwezi ule ule nilituma mchango wangu wa kwanza.

Na ndani yake nako kuna historia unayoigusa kwa vidole. Kwa nini unatembea kwa h, j, k, l? Kwa sababu Bill Joy aliandika vi, programu ambayo Vim imetokana nayo, mwaka 1976 kwenye teminali (kioo na kibodi vya kuunganishwa na kompyuta kubwa) ya ADM-3A, ambayo mishale ilichorwa juu ya herufi hizohizo, na Esc ilikuwa pale ilipo Tab leo. Ndo maana leo Esc iko mbali na vidole vinalalamika, na ndo maana Caps Lock yangu niliigeuza Esc. Programu ikiwa wazi unaweza kuuliza "kwa nini iko hivi" ukapata jibu. Chanzo huria kwangu ni skrubu zilezile, ila za upande wa programu.

Mdau wa Dodoma

Kaka nimerudi, wiki mbili zimepita. Nimenunua, T480 isiyo na s. Duka la tatu ndo nimepata, la kwanza BIOS iliomba nenosiri, nikaondoka, muuzaji alishangaa. Kioo 1920 kwa 1080. Betri ya ndani imebaki Wh 19 kati ya 24, ya nje ile ya 72 imebaki 51, nimepunguziwa elfu sitini kwa hiyo ripoti. Jana nimefungua chini peke yangu, nimefuata kitabu, nimekuta vumbi la kutosha na RAM moja ya GB 8, nafasi ya pili iko wazi. Mwenzangu wa chumba ana GB 8 ya DDR4 aliitoa kwenye yake. Naichomeka tu?

Mleta uzi (Dar)

Hongera sana dada, nimefurahi kweli. Usichomeke kwanza. Ingia BIOS, Config, halafu Power, kuna sehemu ya kuzima betri ya ndani, ichague mashine itajizima. Chomoa na ya nje. Gusa chuma chochote kilichoingia ardhini, bomba la maji linatosha, utoe umeme wa mwilini. RAM inaingia kwa mshazari, sukuma mpaka ile dhahabu isionekane, halafu ilaze mpaka vile vishikizo viwili vya pembeni vilie. Ukifunga chomeka chaja ndo itawaka. Mara ya kwanza kioo kitakaa cheusi muda kidogo, usiogope, inajipima. Halafu fungua Linux andika `free -h` utuletee jibu.

Mdau wa Dodoma

Kioo kilikaa cheusi nikaanza kuomba dua. Imewaka. Total: 15Gi. Emuleta iko hewani, brauza iko hewani, na app yangu ya darasa inajijenga hapa naiangalia.